Mguu Chini ya Mkeka

Fagaloto, Savaii, Samoa
4 Machi 1981

Mdogo wangu Ioelu,

Jana alasiri nilikuwa katika usingizi ule wa baada ya chakula, ambao mtu husikia kila kitu na haelewi kitu, redio ya jirani ikasema mbu wamehamishwa. Nikaota wamepanga foleni gatini Salelologa, kila mmoja na kijisanduku chake, wanasubiri feri. Nilipoamka nikawauliza wenzangu kama ni kweli au niliota. Wakaniambia ni kweli. Kazi ya mbu imetolewa Afya na kupelekwa Ofisi ya Mitaro, na kamati zote za akina mama zinashukuriwa sana kwa utumishi wao.

Mimi nikishukuriwa sana huangalia mlango uko wapi. Hivi wewe uliyekaa Afya tangu ndevu hazijaota, umehama nao hao mbu au umebaki?

Unajua sisi tunavyofanya. Alhamisi napuliza filimbi, wanawake wa kamati wanatoka na magauni yao meupe, tunaingia nyumba moja baada ya nyingine. Tunainua mikeka, tunafunua vyandarua, tunachungulia nyuma ya masanduku. Maji ya vifuu na makopo tunayamwaga, na nazi zilizotobolewa na panya tunazizika. Mwanamke mwenye homa aliyejikunyata ndani tunamkuta hapo hapo, kwa kuwa huwezi kumficha kitu mwanamke mwenzio anayekijua chumba chako. Muuguzi anafuata nyuma na vidonge vyake vya matende. Sasa niambie, hao wa Mitaro watainua mkeka wa nani? Wale wamezoea kuinua vifuniko vya karo.

Mama anakusalimu. Anasema ule vizuri, usiige watu wa Apia wanaokunywa chai na kuiita chakula. Shelisheli zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe, na mchana kutwa unasikia pu, pu, kama mtu anayebisha hodi kisha akabadili nia.

Dada yako,
Talalelei


Apia
12 Machi 1981

Dada Lelei,

Barua yako niliisomea ofisini nikacheka, mkuu wangu akauliza kuna nini, nikamwambia ni taarifa za kazi. Ndiyo, nimehama nao. Nimepewa meza karibu na dirisha linalotazama uwanja wa malori, na asubuhi ukungu ukiwa bado haujaondoka malori yanaonekana kama wanyama wakubwa waliolala. Mpaka saa nne hakuna anayepiga kelele. Nimeanza kupapenda.

Wakubwa wanasema mbu ni mdudu wa maji, na maji ni kazi ya Mitaro. Isitoshe, Mitaro ina malori, ina vijana, ina mashine mpya za moshi tulizopewa msaada. Ukiwasikiliza mezani unaelewa kabisa. Ukitoka nje na jua likakupiga usoni, hujui tena ulielewa nini. Lakini kazi ni kazi, dada, na ni afadhali ikae mikononi mwangu kuliko mwa mtu asiyeijua Fagaloto.

Tutakuja mwezi ujao na lori na mkuu wangu, tunywe kava, kinywaji chetu cha mikutano, tukabidhiane kwa heshima. Naomba uje na ile filimbi uitoe kwa mkono wako. Wakiona umeitoa wewe, vijiji vingine havitanuna. Nakuahidi hakuna atakayeidharau kamati nikiwa nipo.

Unajua sijawahi kukupinga. Wewe ndiye agano langu, ndivyo tulivyolelewa. Mahali unapolala sipaingii, na mkeka wako siukalii. Unakumbuka ulivyoumwa na tandu mguuni, mimi badala ya kukushika nikakimbia pwani yote kumwita shangazi? Uliponiona narudi nahema ukacheka mpaka ukasahau maumivu. Hadi leo najua nilifanya sawa.

Vaosa anakusalimu, anasema amechoka kuolewa na mbu.

Ndugu yako,
Ioelu


Fagaloto
20 Machi 1981

Wifi yangu Vaosa, mke wa mbu,

Barua hii inakuja na mke wa mchungaji, ndani ya kapu la magimbi ya taro, ili isipite mbele ya macho ya mume wako. Toa taro kwanza, usije ukaichemsha barua.

Wifi, nimepata homa ya mumu, ile inayoleta matende. Inakuja mchana kweupe, natetemeka chini ya mashuka huku watoto nje wanacheza juani. Mtoki unavimba. Baada ya siku chache homa inaondoka, ila kila ikiondoka inaniachia mguu mzito kuliko ilioukuta. Ni wa kushoto, na sasa haukunjiki. Nikikaa na wenzangu naunyoosha na kuutupia mkeka, kama wafanyavyo wazee waliochoka, nao wanadhani nimechoka. Mimi ndiye niliyekuwa nawakuta wenye homa nyuma ya masanduku yao. Nyumba ya mwenyekiti wao huipita haraka, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

Najua unachotaka kuuliza. Vidonge vilikuwa vikija na muuguzi siku ya ukaguzi. Tangu redio iseme, filimbi imenyamaza na muuguzi haji tena. Inasemekana karatasi ya uhamisho imewataja mbu na kuvisahau vidonge, kwa hiyo Afya wanangoja Mitaro na Mitaro hawajui kama kuna wanachongojewa. Kwenye zahanati ya hapa yuko Lafaele, na Lafaele ni mtoto wa baba mdogo, kwa maana hiyo naye ni kaka yangu. Nikamwonyeshe paja? Bora nilionyeshe madhabahuni.

Juzi mchana niliota mguu umeshuka baharini peke yake, ukaoga, ukarudi ukiwa wa mtu mwingine, mwanamke mnene mpole nisiyemjua. Akasimama mlangoni anasubiri kukaribishwa. Nikamkaribisha, ningefanya nini?

Usimwambie Ioelu. Akijua ataona haya kwa ajili yangu, nami nitaona haya kwa ajili yake, na hatutaweza kuketi nyumba moja tena. Niapie, wifi.

Lelei


Apia
27 Machi 1981

Wifi, malkia wa vifuu,

Haya, nimeapa. Mdomo wangu hautamwambia. Lakini unajua walivyosema, mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe siku ya kuumbuka utaniacha mimi ndiye niliyejua.

Nilikwenda hospitali kwa kisingizio cha jino. Kuna muuguzi mmoja anaitwa Fetu, mwanamke wa makamo asiye na haraka, nikamweleza habari za rafiki yangu. Aliutazama mguu wangu kwanza, nadhani aliona rafiki ni mimi. Anasema dawa hiyo hawezi kuitia kwenye kapu. Lazima amwone mgonjwa, aupime mguu, achukue damu. Akiwahi, mguu unasimama hapo ulipofika. Akichelewa, unaendelea kukua, na ukishakua haurudi. Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Kwa hiyo panda feri uje. Nitamwambia mume wangu umekuja kutafuta kitambaa, na ataamini, kwa sababu habari za vitambaa humwingia sikio moja zikatokea la pili. Utalala kwangu, utaoga maji ya bomba, Fetu atakuona bila kelele.

Mume wangu mwenyewe hana raha. Anafanya mazoezi ya hotuba ya makabidhiano mbele ya kabati la nguo, na kabati linamsikiliza kwa adabu sana. Jana ameniambia aliota umempa filimbi, akaipuliza, yakatoka maji. Anakuogopa, wifi. Anakupenda na anakuogopa, na kwenu naona havina tofauti.

Njoo.

Vaosa


Apia
21 Aprili 1981

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Akina Mama, Fagaloto, ambaye ni dada yangu,

Tulifika salama. Mkuu wangu anawashukuru kwa chakula na kwa kava.

Hayo ni ya ofisi. Haya mengine ni yangu. Ndani ya ile nyumba kila mtu alikunja miguu. Walikunja wazee wenye magoti mabovu, akakunja mkuu wangu aliyelelewa kwenye viti, akakunja hata dereva. Wewe peke yako ulinyoosha mguu kuelekea upande wetu, ukautupia mkeka, na wakati wa kutoa filimbi hukuinuka. Uliinyoosha kwa mkono, nikaja kuipokea nimeinama mbele ya kijiji kizima.

Kwenye lori mkuu aliniuliza kama ule mkeka ulikuwa na maana. Nikamwambia hauna maana. Sijawahi kabla ya hapo kusema uongo juu yako. Adabu zetu ulinifundisha wewe, najua mtu humnyooshea mguu nani, na najua mkeka huwekwa juu ili aliyedharauliwa asiwe na la kulalamikia.

Kama ulitaka kunikataza ungenikataza. Neno lako moja lingetosha, ningeacha meza na dirisha lake, ningerudi kulima taro. Hukuwa na haja ya kunifanyia vile mbele ya wageni. Nimeumia, na sijui nimpelekee nani maumivu haya, maana siku zote nilikuwa nakuletea wewe.

Filimbi iko mezani kwangu.

Ioelu


Fagaloto
29 Aprili 1981

Ioelu,

Mguu ulikuwa umechoka. Sina la kuongeza.

Unataka habari za kazi, nazo ni hizi. Lori lenu lilipita Jumatatu. Moshi wake ni mzuri, nakiri. Kijiji kizima kilitoweka, minazi ikabaki vichwa vitupu vinavyoelea, watoto wakaitana bila kuonana, na kengele ya kanisa ikalia kutoka mahali ambapo hapakuwa na kanisa. Kwa muda nilijihisi sina mwili, nikafurahi. Halafu kuku wakaanza kukohoa na kila kitu kikarudi mahali pake. Mbu walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye vifuu, ambako lori halifiki.

Vijana wako wana adabu. Walisimama nje ya kila nyumba, macho chini, wakauliza kama ndani kuna maji yaliyotuama au mtu mwenye homa. Wanawake wakajibu hakuna. Vijana wakaandika hakuna. Wangejibiwa nini kingine, Ioelu, wakiwa wanaume wamesimama mlangoni?

Mama anakusalimu.

Talalelei


Fagaloto
9 Mei 1981

Wifi Vaosa,

Ananiandikia kama mtu anayeandikia benki.

Siku ile nilikaa tangu asubuhi najaribu kuukunja. Nilikwenda kwenye nyumba ya kamati kabla ya wote ili wasinione ninavyotembea, nikajiegemeza kwenye nguzo yangu, nikasema labda leo Mungu ataniazima goti. Walipoingia nilimwona Ioelu amevaa shati la kazi lililopigwa pasi na wewe, na uso wa hotuba. Aliuona mkeka. Nikaona uso unafungika, taratibu, kama dirisha la nyumba ambayo wenyewe wanasafiri. Na sikuweza kusema. Ningesemaje? Neno mguu likitoka kinywani mwangu kwenda sikioni mwake, tumekwisha sote wawili.

Unaniambia nije Apia. Nilikuwa nije, kweli, baada ya makabidhiano. Lakini sasa kijiji kinasema mwenyekiti amemdharau ndugu yake mbele ya serikali. Nikipanda feri wiki hii watasema nakimbia. Wenzangu wa kamati hawaniambii kitu, wananiletea mboga tu, na mboga zenyewe wanaziacha mlangoni. Homa imerudi tena na kuondoka, na safari hii imepanda juu ya goti.

Jana nimeota nimeumwa na tandu na Ioelu mdogo anakimbia kumwita shangazi. Anakimbia, pwani inarefuka, anakimbia tena. Nampungia mkono kwamba basi, haidhuru, rudi tu ukae hapa. Lakini ana adabu yule mtoto, hageuki nyuma. Nikaamka nalia, na mama akanishika kichwa bila kuniuliza ni kwa nini.

Kiapo chako bado nakushikia.

Lelei


Apia
18 Mei 1981

Wifi yangu,

Kiapo kipo salama. Kilihusu mdomo, na mdomo wangu haujafunguka. Hatukukubaliana chochote juu ya miguu.

Barua yako ya kuota tandu ilinikalia kifuani kama chakula kisichosagika. Jioni, baada ya sala, nikaandaa chakula kama kawaida, nikakaa mbele ya mume wangu, nikanyoosha mguu wa kushoto, nikaufunika kwa mkeka. Nikampakulia hivyo hivyo. Aliuangalia, akala. Kesho yake nikafanya vile vile. Akala haraka, akatoka kwenda kutazama ndizi ambazo hazihitaji kutazamwa. Siku iliyofuata nikafanya tena, na mguu kwa kweli ulikuwa umeanza kufa ganzi, nikawa nakunja uso bila kuigiza.

Akasema, "Vaosa, umeumia?"

Nikamwambia sijaumia.

"Mbona huukunji huo mguu? Una nini?"

Nikamwambia, "Mimi umeniuliza. Yeye ulimuuliza?"

Wifi, nimeishi na yule mtu miaka yote hii, sijawahi kumwona akielewa kitu kwa uso mzima namna ile. Aliniangalia mimi, akauangalia mkeka, akaniangalia tena. Bakuli la kakao alilokuwa ameshika akaliweka chini pole pole kama limejaa mpaka ukingoni. Akatoka akasimama kwenye mvua, na ilikuwa ile mvua ya kwetu isiyo na sauti, inayokulowesha kabla hujajua kama inanyesha. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama, anatazama upande wa Savaii, kama kwamba Savaii inaonekana kutoka uani kwetu.

Aliporudi hakutaja mguu, hakutaja dada. Alijifuta kichwa akasema kesho ataonana na mkuu wake mapema. Nikasema sawa. Nikakunja mguu, nikasikia sindano elfu, nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Sijavunja kitu. Kama kuna kilichovunjika, kilikuwa na ufa tayari.

Vaosa


Apia
3 Juni 1981

Dada Lelei,

Naandika juu ya kazi tu.

Nilimwonyesha mkuu taarifa za vijana wetu kutoka vijiji vyote vya upande wenu. Kila nyumba wameandika hakuna. Hakuna maji, hakuna homa, hakuna mgonjwa. Mkuu akafurahi, akasema kumbe moshi unafanya kazi. Nikamwambia, mzee, ungekuwa unafanya kazi namna hiyo tungekuwa tumeshaugua usingizi sote kwa kukosa cha kufanya. Nikamweleza kwamba ile karatasi iliwahamisha mbu wa barabarani. Wa ndani ya nyumba haikuweza kuwahamisha, kwa sababu hakuna mwanamume wa Mitaro anayeweza kuinua mkeka wa dada wa mtu, na huko kila mwanamke ni dada wa mtu.

Mkuu akageukia dirishani, tukawa tunayasikiliza malori yakiwashwa uwanjani. Ana dada yake kule Aleipata, nadhani alikuwa amekwenda kwake kwa mawazo. Aliporudi akasema, "Andika, nitie saini."

Kwa hiyo imeandikwa na Afya wamekubali. Moshi, mitaro na mashimo ya barabarani vinabaki kwetu. Nyumba zinarudi kwa kamati za akina mama chini ya Afya, na vidonge vinarudi pamoja nazo. Muuguzi wenu mpya anaitwa Fetu. Atashuka basi la Alhamisi ijayo. Hana undugu na mtu yeyote wa Fagaloto, si kwa damu wala kwa ndoa, nimeuliza mpaka watu wakanishangaa. Atapita nyumba zote, na ataanzia ya mwenyekiti. Si kwa sababu yoyote, ni utaratibu tu. Utaratibu huo nimeuandika mimi.

Filimbi nitaileta mwenyewe mwisho wa mwezi, pamoja na mkuu, tuirudishe mahali tulipoichukulia. Maneno niliyokuandikia baada ya siku ile yalikuwa ya kijinga. Samahani yangu nitakuja nayo, haikai vizuri kwenye karatasi.

Vaosa anasema ule.

Ndugu yako,
Ioelu


Fagaloto
25 Juni 1981

Wifi Vaosa,

Huna haja ya kuja kuniuliza kama nimekasirika. Nilikasirika asubuhi moja, mpaka chai ikaiva.

Fetu wako alianzia kwangu, kama utaratibu unavyosema. Akashusha majamvi yanayoziba kati ya nguzo pande zote, nyumba ikawa na kigiza cha kijani, akakaa chini, akaniambia funua. Nikafunua. Hakusema maskini, hakusema kwa nini hukuja mapema, aliushika tu kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi, akaupima. Vidonge vilinipa homa na kizunguzungu, nikaota mambo ambayo siwezi kuyaandika nikiwa mwanamke wa kanisa. Sasa nimetulia. Anasema mguu hautarudi ulivyokuwa, ila utasimama hapa ulipofika. Nimekubali. Yule mwanamke mnene mpole wa ndotoni ataendelea kukaa kwangu, lakini hatanenepa zaidi. Na sikuwa peke yangu, wifi. Nyuma ya mikeka ya watu Fetu aliwakuta wengine, wale wale waliowaambia vijana hakuna.

Jana wakaja na filimbi. Nyumba ya kamati ilijaa, wazee upande wa bahari, sisi upande wa bara, na upepo unapita katikati. Mimi nilikaa kwenye nguzo yangu, mguu nimeunyoosha, mkeka juu, macho chini. Ioelu akaingia ameinama, akakaa kwenye nguzo inayoelekeana na yangu, akakunja miguu kama alivyofundishwa. Msemaji wa kijiji akasafisha koo ili aanze.

Hapo Ioelu akaunyoosha mguu wake wa kushoto. Pole pole, mbele ya wazee, mbele ya mkuu wake, mpaka ukafika mwisho. Akamwomba binti wa mchungaji mkeka, akautandaza juu yake, akaulainisha kwa kiganja.

Msemaji, unaujua ulimi wake, akasema, "Naona mguu wa serikali umechoka."

"Huu si wa serikali, mzee," Ioelu akasema. "Ni wa nyumbani kwetu."

Hakuniangalia. Adabu. Mimi nilimwangalia vya kutosha kwa ajili yetu wote wawili, mpaka nikawa simwoni vizuri. Msemaji aliutazama mkeka wake, akautazama wangu, na ile hotuba ndefu aliyoiandaa akaimeza, akasema fupi. Kisha Ioelu akasogea, mkeka wake unaburuzika naye, akaniwekea filimbi sakafuni mbele yangu. Ile samahani aliyosema ataileta hakuitamka, nami sikuidai, maana ilikuwa imeshakaa kati yetu inaonekana na kila mtu.

Alipoondoka aliuacha ule mkeka. Nimeulaza juu ya wangu. Mwambie asiufuate.

Leo asubuhi nikapuliza filimbi na wanawake wakatoka na magauni yao meupe, wakanisubiri barabarani bila kusema wananisubiri. Natembea taratibu siku hizi, kwa hiyo kamati nzima inatembea taratibu, na Fagaloto haijawahi kukaguliwa vizuri namna hii.

Wifi yako,
Lelei